Kitambulisho cha Kughushi: Kesi Isiishie kwa Aliyekutwa Nacho

Sheria za Afrika Mashariki hazina huruma na hati ya uongo. Tanzania, kifungu cha 337 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu anayeghushi hati afungwe hadi miaka saba, na kifungu cha 342 kinamhesabu anayeiwasilisha hati hiyo kwa ulaghai, huku akijua kuwa ni ya uongo, kana kwamba ndiye aliyeighushi. Kenya, adhabu ya jumla ya kughushi chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni yake ya Adhabu ni miaka mitatu. Lakini jambo likigusa pasipoti au hati ya uraia, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inapandisha kiwango hadi kifungo cha miaka mitano, faini isiyozidi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Kwa hiyo anayedai kwamba vitambulisho vya kughushi vinaendelea kuuzwa kwa sababu adhabu ni ndogo hajazisoma sheria zenyewe. Ukali upo, na umekuwepo tangu enzi ya ukoloni. Kasoro iko kwenye mahali unapoangukia. Kati ya mikono yote inayopitisha kitambulisho cha uongo, mkono wa mwisho ndio unaoonekana, ndio unaokamatwa, na mara nyingi ndio pekee unaofika mahakamani. Makala haya yanatetea jambo moja: kesi ya kitambulisho cha kughushi isifungwe kwa kumtia hatiani aliyekutwa nacho kabla haijajulikana kilitoka wapi, na adhabu ya kila aliyehusika ipimwe kwa nia yake na madhara aliyosababisha.

Tuanze kwa kutenganisha vitu ambavyo mazungumzo ya kila siku huvichanganya. Kitambulisho cha kughushi kina sura tatu. Ya kwanza ni kile kilichotengenezwa chote nje ya ofisi: nembo, muhuri na saini vimeigwa kwenye kompyuta na kuchapwa kwenye duka la steshenari. Ya pili ni hati halali iliyochezewa: picha imebadilishwa, tarehe ya kuzaliwa imefutwa na kuandikwa nyingine. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, maana hati imetoka ofisini, muhuri ni halisi, namba ipo kwenye mfumo, lakini taarifa zilizomo ni za uongo. Mtu amejiandikisha kwa jina la marehemu, kwa cheti cha ndugu yake, au kwa wazazi ambao si wake. Sura mbili za kwanza zinaweza kugunduliwa na ofisa makini mwenye kifaa cha kuhakiki. Ya tatu haigunduliki kwa kuitazama kadi, kwa sababu kadi yenyewe haina kasoro. Hata hivyo, hati ya namna hiyo kwa kawaida huacha alama za watu wengine: mtendaji wa mtaa aliyeandika barua ya utambulisho kwa mtu asiyemjua, chifu aliyethibitisha ukazi bila kuuliza, karani aliyepokea kitu kidogo, shahidi aliyekula kiapo cha uongo. Tukimfunga mwenye kadi na kufunga jalada, watu hao kesho asubuhi wako mezani wakimhudumia mwingine.

Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya, zilizorithiwa kutoka mfumo mmoja wa kikoloni na ndiyo maana zinafanana hata kwa maneno, zinaweka nia katikati ya kosa. Kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Kuwasilisha ni kuitumia hati hiyo kwa kujua na kwa ulaghai. Upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha mambo mawili kwa pamoja, yaani uongo wa hati na ufahamu wa mtu aliyeitoa. Mpango huo una busara, kwa kuwa unamtofautisha tapeli na mtu aliyepewa hati mbovu naye akaiamini. Sheria mahususi za baadaye zimesogea hatua moja mbele. Sheria ya uraia ya Kenya, kwa mfano, inahesabu kuwa ni kosa hata kuwa na pasipoti au hati ya uraia iliyoghushiwa bila mamlaka halali. Hapo uzito unaanza kuhama. Mwenye hati ndiye anayetakiwa kueleza aliipataje, na akishindwa kueleza vizuri, yuko hatarini hata kama hakuna aliyelaghaiwa. Zipo sababu nzuri za kuwa na kosa la namna hiyo, nami nitazirudia. Lakini matokeo yake ni kwamba kesi rahisi kuliko zote kuithibitisha ndiyo inayomhusu mtu mdogo kuliko wote katika mlolongo.

Teknolojia imeongeza tabaka jingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inaweka, kwa kughushi kwa njia ya kompyuta, faini isiyopungua shilingi milioni ishirini au mara tatu ya faida iliyopatikana, au kifungo kisichopungua miaka saba. Msomaji alinganishe. Miaka saba, ambayo katika Kanuni ya Adhabu ni kilele, katika sheria ya mtandao ni kiwango cha chini cha kifungo. Kenya nako, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inatoza faini isiyozidi shilingi laki mbili au kifungo kisichozidi miaka mitatu kwa anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia utambulisho wake wa kielektroniki. Siku hizi karibu hati zote za uongo zinapita kwenye kompyuta au simu kabla ya kuchapwa, kwa hiyo tendo lile lile linaweza kushtakiwa chini ya sheria mbili au tatu zenye viwango vilivyo mbalimbali kabisa. Uchaguzi huo uko mikononi mwa anayeandaa hati ya mashtaka. Pasipo mwongozo wa wazi, kijana aliyebadilisha tarehe ya kuzaliwa kwenye picha ya cheti chake na mtu anayeendesha karakana ya vitambulisho wanaweza kujikuta wameshtakiwa kwa kifungu kimoja.

Nje ya mahakama, madhara ni makubwa kuliko kifungo chenyewe. Mfano ulio wazi zaidi ni uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa iliyoonyesha kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Waliamriwa waondoke kazini kufikia tarehe 15 Mei, na watakaokaidi wakaonywa kwamba wangefikishwa mbele ya sheria ile ile ya miaka saba. Ni kweli kwamba cheti cha kidato cha nne si kitambulisho cha taifa. Lakini mtumishi aliyeajiriwa kwa cheti cha mtu mwingine analazimika kuishi kwa jina la huyo mwenye cheti: mshahara, akaunti ya benki, michango ya uzeeni, mkopo na barua za kupandishwa daraja vyote vinaandikwa kwa utambulisho usio wake. Uongo mmoja unabeba maisha mazima, na siku unapobomoka, kila kilichojengwa juu yake kinakwenda nao. Tangazo lile liliwahesabu waliokutwa na vyeti. Halikuwahesabu waliovichapa, waliokodisha vyeti vyao, wala maofisa waliovipokea na kuvigonga muhuri wa kuthibitisha kuwa nakala ni sahihi. Ajira karibu elfu kumi hazikutolewa na wenye vyeti peke yao.

Kilichofuata kinatufundisha jambo la pili. Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliamua kwamba walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warudishiwe michango waliyokatwa kwenye mishahara yao kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Uamuzi huo haukuhalalisha kughushi, wala haukumrudisha mtu kazini. Ulikubali kwamba kosa la kuingia kazini kwa hila ni jambo moja, na jasho la mtu aliyefundisha darasani au kuuguza wagonjwa kwa miaka ni jambo jingine, na kwamba adhabu ya lile la kwanza haimpi mwajiri haki ya kuzuia la pili. Mizani ya aina hiyo ndiyo inayokosekana mahali pengine. Katiba ya Kenya, ibara ya 17, inaruhusu uraia uliopatikana kwa kuandikishwa ufutwe iwapo ulipatikana kwa ulaghai, maelezo ya uongo au kuficha jambo la msingi. Hiyo ni haki ya taifa kujilinda. Lakini kufutiwa uraia, kama kufukuzwa kazi, hakumgusi ofisa aliyeidhinisha ombi. Mtu mmoja anaweza kufungwa, kufutiwa hati, kupoteza ajira na kushtakiwa na benki kwa karatasi hiyo hiyo, na aliyemuuzia asiulizwe hata jina.

Mwelekeo huu haukuanza jana. Sheria ya kuandikisha Waafrika ya mwaka 1915 nchini Kenya, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande chenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira yake, kikiwa ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asiposaini mwisho wa kazi, aliyepata shida ni mfanyakazi. Kipande kikipotea, aliyeadhibiwa ni mfanyakazi. Mwanaharakati Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kipande kilikuwa miongoni mwa manung'uniko yao makubwa. Mwaka 1947 ilitungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na baada ya uhuru kitambulisho kikawa alama ya uraia badala ya utumwa wa ajira. Hata hivyo, fikra moja ilibaki: kwamba kosa kwenye hati ni la mwenye hati, na ofisi iliyoiandika haina la kujibu. Kila mwananchi ambaye jina lake limekosewa herufi moja kwenye kitambulisho anaijua fikra hiyo, kwa maana ndiye anayetakiwa kwenda kuapa kiapo, kulipa ada na kupanga foleni kurekebisha kosa la karani.

Fikra hiyo inawaumiza zaidi watu ambao hati halali ziliwapita mbali. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa, ndiyo maana mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) na washirika wake walianza mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwa kutumia simu za mkononi, wakianzia Mbeya. Kenya, mwaka 1989 raia wenye asili ya Kisomali walipitishwa kwenye mchujo wa pekee kuthibitisha uraia wao. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi mashambani wakati wa ukoloni, walilazimika kutembea hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai kutambuliwa, na Wapemba wa pwani ya Kenya walisubiri hadi 2023. Kwa miongo yote hiyo, mvuvi aliyezaliwa Kenya alikuwa na njia mbili: kukaa bila leseni, bila akaunti na bila laini ya simu, au kukubali kuandikwa kwa jina la ukoo wa jirani. Aliyechagua njia ya pili alivunja sheria. Lakini alisema uongo kuhusu jina ili apate haki iliyokuwa yake tangu mwanzo, na hakimu anayempima sawa na mtu aliyebuni jina ili aibe nyumba ya mjane hajaitendea haki sheria yenyewe, inayomtaka aangalie nia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la soko. Wanaopinga husema kwamba bila mnunuzi hakuna muuzaji, kwa hiyo anayetumia kitambulisho cha uongo ndiye chanzo cha biashara na ndiye wa kubanwa. Ndani ya pingamizi hili mna ukweli, na sipendekezi mnunuzi mwenye kujua aachiwe. Lakini linasahau jinsi soko hili linavyofanya kazi. Mnunuzi hununua mara moja katika maisha. Kishoka, yaani dalali wa hati za uongo, huuza kila siku, na ofisa anayemfungulia mlango hulipwa kila siku. Kumwondoa mnunuzi mmoja kunapunguza hati moja, ilhali kumwondoa ofisa mmoja aliyeoza kunazuia hati zote ambazo zingepitia mezani kwake. Zaidi ya hayo, mnunuzi aliyekamatwa ndiye shahidi bora dhidi ya waliomuuzia. Anajua alilipa nani, wapi, na kwa simu gani. Tukimpa kifungo kile kile aseme asiseme, tumemnyima sababu ya kusema. Walinzi wa sheria wanaovua dagaa na kuwaacha papa hulalamika kila mwaka kwamba bahari haijatulia.

Pingamizi la pili linasema kwamba nia haionekani kwa macho, hivyo kila atakayekamatwa atadai kuwa alitapeliwa na kishoka. Jibu limo tayari ndani ya sheria zetu. Kutojua sheria si utetezi, Tanzania wala Kenya. Lakini mtu aliyeamini jambo kimakosa, kwa nia njema na kwa sababu za maana, huhukumiwa kana kwamba jambo lile lilikuwa kama alivyoamini. Neno linalobeba uzito hapo ni sababu za maana. Aliyelipa mara kumi ya ada halali, usiku, bila kupigwa picha wala kuchukuliwa alama za vidole, hawezi kusema kwa uso mkavu kwamba alidhani yuko ofisi ya serikali. Kwa upande wa mtengenezaji, sheria inakwenda mbali zaidi, maana nia ya kulaghai hudhaniwa kuwepo iwapo alikuwepo mtu ambaye angeweza kulaghaiwa kwa hati hiyo. Uingereza, ambako mfumo wetu wa sheria ulitoka, imekwishaonyesha kwamba ngazi zinawezekana hata kwenye kosa la kukutwa na hati. Sheria yake ya Hati za Utambulisho ya mwaka 2010 inaweka hadi miaka kumi kwa aliyenayo kwa nia mbaya, na hadi miaka miwili tu kwa aliyenayo bila sababu ya maana. Ofisa wa polisi huko hajashindwa kufanya kazi kwa sababu ya ngazi hizo.

Mkimbizi naye anahitaji nafasi yake katika mizani hii. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, ibara ya 31, unazuia nchi kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia isivyo halali ikiwa ametoka moja kwa moja mahali pa hatari, amejitokeza bila kuchelewa na ameeleza sababu. Mahakama ya Uingereza katika kesi ya Adimi ya mwaka 1999 ilikubali kwamba ulinzi huo unaweza kumfikia hata aliyesafiri kwa hati ya uongo. Kwa nchi ambazo zimepokea Wakongo na Warundi kwa miongo mingi, hilo lina maana kubwa: mtu anayekimbia serikali inayomtafuta hawezi kwenda kuiomba pasipoti.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la usalama. Gaidi, mlanguzi wa watu na mtakatishaji wa fedha hutumia vitambulisho vya uongo, na dola haiwezi kusubiri madhara yatokee ndipo ichukue hatua. Ndiyo sababu kosa la kukutwa na hati ya kughushi lipo, na libaki. Lakini anayejali usalama ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai kwamba uchunguzi upande juu. Mhalifu mwenye fedha hanunui kadi iliyochapwa kwenye duka la steshenari. Anatafuta ya sura ya tatu, iliyo halisi kwa kila kipimo isipokuwa ukweli, na hiyo hupatikana kwa kumnunua mtu wa ndani. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole Tanzania, ulioanza Mei 2019, umeonyesha hatari hiyo kwa namna yake. Namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ilipokuwa sharti la laini, matapeli walitafuta vidole vya watu wengine, na mwananchi aliyeambiwa na wakala abonyeze mara ya pili kwa madai kwamba mara ya kwanza haikusoma anaweza kugundua kwa kupiga *106# kwamba kuna laini asizozijua kwa jina lake. Laini ile ikitumika kuibia watu, polisi wanaanza na mwenye jina. Hapo aliye mwisho wa mlolongo ni mhanga kamili, na utaratibu wa kuishia kwa mwenye hati unamfanya mshtakiwa.

Wapo watakaosema kwamba kadi zenye chipu, pasipoti za kielektroniki ambazo Tanzania ilizizindua Januari 2018, na mifumo inayosomana itamaliza suala hili bila kugusa sheria. Mifumo hiyo imefanya kazi kubwa dhidi ya sura mbili za kwanza, kwani kadi ya bandia haina jibu inapoulizwa na kanzidata. Lakini mfumo huamini kilichoingizwa. Taarifa ya uongo ikishaingia, teknolojia huipa nguvu ambayo karatasi haikuwa nayo, na kumpa mwenye ukweli kazi ngumu zaidi ya kuikanusha. Faida ya kweli ya mfumo wa kidijitali kwa hoja hii ni nyingine: kila ombi linaweza kubeba jina la aliyelipokea, aliyelihakiki na aliyeliidhinisha. Kumbukumbu hiyo ni ushahidi. Inafaa itumike hivyo, badala ya kulala kwenye seva huku mwenye kadi akisimama kizimbani peke yake.

Mabadiliko yanayohitajika si makubwa kiasi cha kutisha. Bunge liweke ngazi katika kosa la kuwa na kitambulisho cha uongo, likimtofautisha aliyenacho ili adhuru, aliyenacho kwa kukosa njia halali, na aliyetapeliwa. Ofisi za mashtaka zitoe mwongozo wa wazi wa lini sheria ya mtandao itumike na lini Kanuni ya Adhabu inatosha. Jalada la polisi katika kesi hizi liwe na sehemu inayoeleza hati ilitoka wapi na nani aliiidhinisha, na hakimu aiulize kabla ya kutoa adhabu. Anayejitokeza mwenyewe kurekebisha jina au tarehe, bila kuwa ameiba wala kumdhuru mtu, apewe dirisha la kufanya hivyo bila kufungwa, na atakayesaidia kumtia mbaroni muuzaji apunguziwe adhabu. Na ofisa wa umma atakayethibitika kuuza utambulisho wa taifa apate adhabu inayozidi ya mteja wake, kwa kuwa mteja amevunja sheria, naye amevunja sheria pamoja na dhamana aliyokabidhiwa na wananchi wote. Taifa linalomtaka raia athibitishe yeye ni nani kila anapofungua akaunti, anapolaza mgonjwa au anapovuka mpaka, lina wajibu wa kuthibitisha kwamba ofisi zake zenyewe zinasema kweli.